Kuku wa Kawangware

Tulimnunua shilingi mia nane,
jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa cha suruali kuukuu,
na mama aliyetuuzia akauliza, "Mnamla leo?"
Daktari Kathini akajibu, "Moyo tu, na ubongo."
Yule mama hakucheka. Alihesabu pesa mara mbili.

Sasa jogoo ni namba kwenye kifuniko cha chupa.
Kimelea kilichojificha moyoni mwake
kinaishi Kabete, ghorofa ya pili,
ndani ya maji mekundu kama chai ya rangi iliyosahauliwa mezani,
juu ya zulia la seli zisizojua kama zina mgeni.

Tunacho kingine, cha zamani,
kilichofika kwa ndege kabla sijazaliwa.
Hicho hula, hugawanyika, hula, hugawanyika,
viwili, vinne, vinane,
hupasua seli na kuhamia kwa jirani
kama mpangaji mwenye madeni.
Miaka yote hiyo, chupa hadi chupa, hakuna aliyekibana.
Kimesahau kujenga.
Kathini hukiita mtoto wa tajiri.

Hiki cha Kawangware tukakibana.
Tukakinyang'anya hewa kiliyoizoea,
tukayachachua maji kinyumenyume, tone kwa tone,
mpaka wekundu ukawa zambarau.
Siku ya kwanza, hakuna kitu.
Siku ya pili, saa saba usiku, stima ikapotea,
na Otuoma wa getini akanipigia:
"Dada, ile friji yako ya moto imenyamaza."
Nikaja na koti juu ya nguo ya kulalia.
Jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakubali.
Nikakaa sakafuni kando ya sanduku la joto
nikisikiliza shabiki yake kama mtu asikilizaye pumzi ya mgonjwa.

Siku ya nne nikatia rangi.
Hukamuliwa kwenye mbegu fulani, binamu ya njahi,
na haishiki chochote ila ukuta.
Nikazima taa. Nikainamia hadubini.

Pete.
Pete ya kijani, nyembamba, haina pa kuingilia,
na ndani yake vimebanana, vimepunguza mwendo,
vimetulia kama mbegu ndani ya karakara.
Tulikitesa, nacho hakikufa wala hakikupigana.
Kilijifungia.

Nikahesabu kumi na saba.
Nikahesabu tena, kama yule mama.

Nilipokuwa na mimba ya Nyakio
walinitoa damu kliniki, karatasi ikarudi:
maambukizi ya zamani, mtoto yu salama, usijali.
Ya zamani, ya lini? Sukuma isiyooshwa vizuri?
Yule paka wa bwenini aliyelala kwenye unga?
Sikumbuki hata mafua.
Nikajifungua, mama mkwe akaleta njahi, sufuria nzima,
nikala nikiwa na njaa ya watu wawili
na sikuuliza kama tulikuwa zaidi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguoni ni mbali.
Hiki kiko nyuma ya jicho hili linalochungulia,
kiko katika msuli unaosokota kitufe cha hadubini,
na wala hakinili.
Askari wa damu yangu hupita doria,
hugusa ukuta, hausemi neno, huendelea na safari.
Siku watakayosinzia
ndiyo siku kitakayokumbuka kwamba kina mlango.

Kwa hiyo kimya hiki kidogo cha kijani
siwezi kukichukia kama ninavyotakiwa.
Mimi pia, mwaka ule nyumba yetu ilipokosa hewa,
nilijenga. Watu wakasema nimepoa, nimekuwa mtu mzima.

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia, pete zikafifia.
"Umepata?" Kathini, kalamu mkononi.

"Kumi na saba," nikasema,
"kwa chupa hii."